Matembezi na Dalenda

Jumatatu, 3 Oktoba
Nimeanza. Daktari alisema nusu saa kila siku, polepole, goti litazoea. Miaka sabini na moja na sijawahi kutembea bila sababu — sokoni, msibani, basi. Dalenda, jirani wa mlango wa pili, kajitolea kunisindikiza. Eti peke yangu nitageuka nikifika kwa muuza mikate. Kweli kabisa. Tumefika bandari ya zamani, mji mzima wa Bizerte ukitutazama raba zetu.

Jumamosi, 15 Oktoba
Hatujakosa hata siku moja! Leo mpaka darajani na kurudi. Nilijikwaa kwenye jiwe, Dalenda akanidaka mkono. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Sijacheka hivyo tangu Moncef wangu afariki.

Jumanne, 25 Oktoba
Tulikuwa tumerudi. Dalenda yuko chooni, simu yake ikalia mezani. Jina la mwanangu, Ridha. Nikadhani kuna msiba huko Tunis, nikapokea. Sijatamka neno, yeye keshaanza, akidhani ni Dalenda: "Mama mdogo, leo ameyumba mara ngapi? Endelea kuandika. Akiiona hiyo orodha hatabisha tena, atahamia kwangu. Nyumba yake imeshapata mteja."
Nikakata.
Dalenda akatoka anajifuta mikono. Nikamwambia, Ridha anauliza nimeyumba mara ngapi.
Akakaa. "Aliniomba, dada. Alisema ni kwa usalama wako." Habari ya nyumba hakuijua, anaapa.
"Na siku ya lile jiwe?"
"Niliandika."
Alikuwa anacheka nami, kisha anakwenda kuandika.

Alhamisi, 27 Oktoba
Siku ya pili ndani. Goti limekakamaa kama mti. Ridha kapiga, anasema ananipenda. Nikamwuliza mteja ni nani. Akasema tu anakuja kesho.

Ijumaa, 28 Oktoba
Nimetoka peke yangu, na daftari mkobani. Niko kwenye benchi karibu na daraja. Ridha keshapiga mara tatu, bila shaka yuko mlangoni kwangu. Sijapokea.
Dalenda kanifuata njia nzima. Nikikaza mwendo, naye anakaza, anahema kuliko mimi. Sasa kasimama hatua chache kutoka hapa. Anasema orodha ameichana, na kwamba amempigia Ridha na kumwambia hivyo hivyo. Sijui kama ni kweli.
"Dada, miguu imeniisha. Nikae?"
Benchi ni refu. Mkoba wangu uko katikati. Bado sijausogeza, na yeye bado kasimama.