Kisu chenye harufu ya sanduku langu

Kasongo, Jumatano

Na bado siamini. Kwa Papa Rajabu, muuza visu wa sokoni, raha yangu ni kufungua kanifu, kisu cha kukunja, na kuisikia ikijifunga: ta! Siku zote anaiweka mezani, mimi naiokota. Kwetu kisu hakipewi mkono kwa mkono, kinaleta ugomvi.

Leo ameisukuma mkononi mwangu, haraka haraka. "Imetoka Salamabila. Muchimbaji mumoja aliniuzisha."

Nikaifungua. Ilinukia mafuta ya cherehani na karafuu. Nani mwingine, kama si mimi, anapaka visu vyake mafuta hayo? Ni kanifu yangu, ile ninayoificha sandukuni nyumbani.

Nikairudisha mezani, nikaondoka.

Nafika nyumbani, kaka ya bibi yangu, mke wangu, anayekaa kwetu, ananiuliza, "Shemeji, kwa Papa Rajabu iko visu vipya?"

Sijamwambia mtu yeyote kwamba nilipita huko.