Siku Mama wa Polisi Aliposhuka

Yasini, polisi wangu,

Hapa Yoba tuko wazima. Shangazi yako kajifungua mtoto wa kike, analia kwa sauti nene kama yako. Maharage yamekubali.

Umeniuliza utafanyaje kwenye bariyeri yako, kizuizi cha barabarani huko Muyinga, ili watu wasiseme unachagua sura. Mi si polisi, lakini nimeshushwa sana kwenye magari. Tuliporudi kutoka ukimbizini Tanzania nilikuwa nauza vitenge soko la Gashoho. Kila bariyeri askari alitazama pua yangu, akasikiliza Kiswahili changu, akasema, "We, shuka." Wengine walibaki wamekaa, wakiangalia pembeni. Hayo tuyaache.

Asubuhi moja tukakuta askari mpya. Akasema, "Tunashuka wote." Kiti cha mbele alikaa mama mmoja na kikapu cha ndizi. Akacheka. "Hata mi? Si mi nimekuzaa?"

Yule askari akaona haya, lakini akamfungulia mlango. "Hata we, mama. Pole."

Mama akashuka akinung'unika, akasimama karibu yangu. Askari akapekua kikapu chake, kisha mzigo wangu. Yule mama akapapasa kitenge kimoja, akaniuliza bei. Mjukuu wangu, miaka yote ile hakuna abiria aliyewahi kunisemesha nikiwa nimeshushwa.

Mwezi ujao nakuja kukuona, inshallah. Nitavaa kitenge cha njano. Ukiniona garini, usinipungie mkono tu nipite. Nishushe na wenzangu.

Bibi yako,
Mwajuma