Kadi ya Kumi na Nne

Alhamisi, 6 Februari

Umeme ulikatika saa tatu kasoro. Betri mbili zimetosha. Nimefagia studio ya redio yetu, nimebandika upya trei za mayai zilizobanduka ukutani. Hili lilikuwa ghala la kahawa, na bila trei hizo sauti zetu zinarudi kama tuko kisimani. Gervas alisoma salamu mpaka saa nne, kisha akakimbilia kibanda chake cha kuchaji simu. Saa nne kamili nikaweka kadi ya kumbukumbu yenye kipindi cha Shaban. Kadi ya tisa, ile ya kideri, ugonjwa wa kuku.

Huwa naanza kumsikiliza kabla hajasema. Kuna kimya kifupi, halafu kitu kidogo kinagusa meza. Ni saa yake. Aliivua kila mara kwa sababu mlio wake uliingia kwenye maikrofoni. Halafu pumzi. Halafu: "Wafugaji wenzangu." Nilifumba macho mpaka mwisho.

Kanuni ya ushirika wetu inasema kipindi kikirushwa tena, wasikilizaji waambiwe mwanzoni kwamba ni marudio. Niliiandika mimi kanuni hiyo. Kwa vipindi vya Shaban sijaifuata hata mara moja. Nikisema marudio watauliza kwa nini, na nitalazimika kusema hayupo. Wenzangu niliwaambia anatutumia vipindi kutoka Newala alikohamishiwa. Wasikilizaji sikuwaambia chochote. Miezi minane sasa.

Kanuni nyingine: kadi ikitimiza mwezi inafutwa, itumike tena, maana ni chache. Za Shaban ziko kumi na nne, kwenye kopo la majani ya chai, chumbani kwangu. Gervas analalamika kila siku kwamba hana kadi.

Jumamosi, 8 Februari

Gervas alipiga saa mbili na nusu asubuhi. "Dada Adela, watu wamejaa uwanja wa mnada Makere, na kuku wao. Wanamngoja Shaban. Kwani amerudi?"

Naandika ukweli: kwa muda wa pumzi moja nilifikiri amerudi.

Kisha nikaiweka kadi ya tisa na kuipeleka mwisho. Dakika ya mwisho kabisa anasema: Jumamosi hii, saa mbili asubuhi, uwanja wa mnada Makere, chanjo ya kideri, leteni kuku wote. Jumamosi ile ilikuwa ya mwaka jana.

Nimeisikiliza kadi hiyo mara ngapi? Nilikuwa nasikia sauti. Maneno sikuyasikia.

Nilichukua bodaboda. Watu kama arobaini. Kuku kwenye matenga, kwenye ndoo, wengine wamefungwa miguu wananing'inia kwenye usukani wa baiskeli. Bibi mmoja, Skolastika, alitoka kwake alfajiri na kuku tisa. Alinisalimu salamu nzima ya Kiha, kwa makofi na kuinama, akaulizia hadi afya ya mama yangu ambaye hamjui. Ndipo akasema, "Mjukuu wangu, kijana wetu wa tone moja yuko wapi?"

Tone moja, jicho moja. Ndivyo Shaban alivyofunga kila kipindi. Tone moja la chanjo kwenye jicho moja la kuku. Watoto wa huku wanauimba kama wimbo.

Nikasema amepata dharura.

"Dharura gani, ameoa?" Mzee mmoja huyo. Watu wakacheka. Nami nikacheka.

Wakageuza baiskeli. Kwenye tenga la mwisho niliona kuku amelegea shingo, mbawa zimeshuka. Nilimwona vizuri. Sikusema kitu.

Jumapili, 9 Februari

Kanisani sikusikia mahubiri.

Niandike basi, nione kama kinachoniuma kinapungua. Shaban ni afisa mifugo, mtu wa Kondoa, aliyepangiwa Kasulu. Kwetu alikuja kujitolea kama sisi wote, kila Alhamisi, akaacha viatu vya mpira mlangoni. Alijifunza Kiha vibaya na kwa furaha. Hakuna kilichotokea kati yetu. Alipenda kahawa ya tangawizi, na alipoongea alirusha mikono, kwa hiyo nilimshikia kikombe asikigonge. Ndicho kilichotokea. Alhamisi baada ya Alhamisi, kikombe cha moto mikononi mwangu.

Mama angesema: Mwislamu, tena mtu wa kupita. Mama yuko Kibondo, na kila nikienda ananionyesha binti za wenzake wanaofanya kazi kambi ya wakimbizi ya Nduta, wenye mishahara na vitambulisho shingoni. Nina shahada na nabandika trei za mayai.

Shaban alinisihi niseme redioni. "Siku moja utaniuliza maswali wewe, si Gervas." Nilikataa. Napanga zamu, natafuta wageni, naandika, nakata, nasafisha. Sauti yangu naiona nene, kama ya mtu aliyeamshwa.

Barua ya uhamisho ilimpa siku nne. Nilikuwa Kibondo namuuguza Mama. Niliporudi nilikuta kadi mezani, imeandikwa kwa kalamu nyekundu: KUAGA. Hiyo ndiyo ya kumi na nne. Anawaaga watu kijiji kwa kijiji. Anaomba wamtumie salamu kupitia kwetu. Na mwishoni: "Na Adela, ambaye hataki kusikika. Mimi nimemsikia."

Sikuirusha. Nilitaka iwe yangu.

Hakijapungua.

Alhamisi, 13 Februari

Saa nne niliweka kwaya. Simu zikaanza. Dokta Shaban anaumwa? Dokta amesafiri? Lile la chanjo limeishia wapi? Mmoja alipiga kutoka Nyarugusu, kwa Kiswahili chao cha Kongo: "Mama, mutuambiye, dokta wa bakuku iko wapi?"

Nilikata simu ya mkimbizi anayeulizia kuku.

Ijumaa, 14 Februari

Kuku wanakufa Makere. Kideri. Walikusanywa uwanjani wagonjwa na wazima, wakabanana saa tatu nzima, kisha kila mtu akarudi na ugonjwa kwake. Gervas amepata habari kibandani. Bibi Skolastika alikuwa na tisa, amebaki na watatu.

Nimefanya hivi mimi. Si redio. Mimi.

Nimeitafuta namba ya Shaban, nimeizima simu tena.

Jumamosi, 15 Februari

Nimempigia. Namba yake nimekuwa nayo miezi yote hii na sikuwahi kuibonyeza, kwa kuogopa apokee kama mtu mwingine tu.

Alipokea kama mtu mwingine tu. Nilimweleza habari za kuku kwanza. Akaniuliza shingo, mbawa, rangi ya kinyesi. "Wagonjwa msiwachanje, wafungiwe peke yao. Mizoga ichimbiwe. Wazima wa kaya ambazo hazijaguswa ndio wachanjwe, haraka. Mwambieni afisa aliyekuja baada yangu, ni mtu mzuri." Niliandika kila neno. Herufi zilitoka kubwa kama za mtoto.

Kisha nikamweleza kuhusu kadi.

Nilisikia pikipiki ikipita kwake, Newala, upande mwingine wa nchi.

"Kile kipindi cha kuaga," akasema. "Watu walisemaje?"

"Sikukirusha."

"Ahaa." Kisha, taratibu: "Nilingoja salamu, Adela. Mwezi mzima. Nikajiambia basi, mtumishi akihama amehama."

Nilidhani nimemtunza.

Jumatatu, 17 Februari

Mkutano wa wanachama. Tulikaa kwenye magunia. Nilisema yote, pamoja na ile dharura ya uongo. Nikamaliza kwa kusema naachia uratibu.

Mwenyekiti wetu ni Mama Yustina, muuguzi mstaafu. Hapandishi sauti. "Hapa hakuna anayelipwa, kwa hiyo hakuna wa kufukuzwa. Ungekuwa na mshahara ningekukata. Ulichoharibu ni kitu kimoja tu tulicho nacho: tukisema jambo, watu wanatoka nyumbani. Alhamisi utawaambia mwenyewe. Kwa kinywa chako, si cha Gervas."

"Mama, mimi huwa..."

"Najua huwa. Alhamisi."

Wakakubaliana kila mwenye kuku kwenye kaya isiyoguswa atoe mmoja, wapelekwe Makere ugonjwa ukiisha. Zamu yangu ikafika. Sina kuku. Nikatoa kopo mkobani, nikaliweka katikati.

Gervas akafunua. "Kumbe kadi zipo! Mimi nahojiana na watu kwa simu yangu iliyopasuka, na kadi zinakunywa chai!" Wote wakacheka, hata Mama Yustina. Mimi nililia. Wakaniacha nilie, wakaendelea na ajenda ya betri.

Alhamisi, 20 Februari

Saa nne. Niliandika ukurasa mzima, na nilipokaa sikuusoma. Nilisema: "Jina langu ni Adela. Mimi ndiye niliyewaita Makere." Nikasema Shaban alihama miezi minane iliyopita. Nikasema mlichosikia kilikuwa cha zamani, nililijua hilo, sikuwaambia. Nikasema dharura haikuwepo. Nikasoma maagizo ya kuku wagonjwa mara mbili, polepole. Nikasema samahani. Dakika sita.

Halafu nikarusha kadi ya kumi na nne. Yote. Kidole kilikuwa kwenye kitufe pale mwishoni, ningeweza kukata kabla ya jina langu. Sikukata. Gervas alizitazama trei za mayai kana kwamba ndiyo kwanza anaziona.

Simu ya kwanza ilinitukana. Ya pili pia. Ya tatu ilikuwa ya mwanamke wa Gwarama, akanishukuru kwa maagizo, akakata. Baada ya hapo walianza kumuulizia Shaban. Anapatikanaje? Salamu zitamfikia?

Gervas akafunga mitambo. "Dada, saa yako ya mkononi. Imesikika kuliko wewe."

Jumamosi, 22 Februari

Makere na Bi Tumaini, afisa mifugo aliyekuja baada ya Shaban. Miezi minane yuko Kasulu na hakuna aliyemwalika redioni. Kiti kilikuwa na mtu ambaye hayupo. Nilimwambia hivyo njiani. Akasema, "Nilidhani hamtaki sauti ya mwanamke." Nikaona aibu mpya, kana kwamba zile za zamani hazikutosha.

Safari hii hatukuita watu uwanjani. Tulikwenda sisi, kaya kwa kaya, zile ambazo hazijaguswa. Bi Tumaini alidondosha dawa, mimi nilishika kuku. Nilinyewa mara nne. Wengine walitufungia milango. Baba mmoja alisema redio yetu ataisikiliza siku atakayokuwa kiziwi. Nilistahili.

Kwa Bibi Skolastika tulisimama nje ya uzio tusibebe ugonjwa miguuni. Alileta kigoda, akakaa ng'ambo yake. Nilianza kuomba radhi, akanikatisha.

"Kuku watazaliwa. Yule kijana, ulijua kwamba ameondoka?"

"Nilijua, Bibi."

"Na alituaga?"

"Aliwaaga."

"Sasa mbona ulitunyima? Mtu anaondoka tunamsindikiza. Wewe umemwachia njia peke yake."

Nilitoa kinasa sauti mkobani, nikaunyoosha mkono juu ya uzio. Nilikuwa nimeweka kadi ya kumi na nne. Gervas alikuwa ameniuliza asubuhi, "Hii nayo turekodi juu yake?" Nikasema nayo.

"Msindikize sasa, Bibi."

Alisafisha koo. Akaanza na salamu ndefu, makofi na yote, kwa mtu aliye Newala. Akamweleza mvua, mahindi, nani amefariki, nani amezaa. Mwisho akasema, "Na kuku wangu wamekufa sita, lakini hilo atakueleza huyu binti." Taa nyekundu iliwaka muda wote huo. Chini ya salamu zake, neno kwa neno, sauti ya Shaban ilikuwa inafutika. Niliitazama taa. Sikuizima.

Jumanne, 25 Februari

Kadi kumi na nne, zote zimejaa salamu. Walimu, kwaya, wauza ndizi, watoto wa "tone moja". Yule wa Nyarugusu: "Aksanti sana, dokta wa bakuku, Mungu akuchunge." Gervas naye, aliyezungumzia mpira tu. Nimeziunganisha na kumtumia kwa simu.

Yangu ni ya mwisho. Nilirekodi mara moja, sikurudia. "Shaban, ni Adela. Niliificha kwaheri yako kwa sababu sikutaka uende. Nenda salama."

Alhamisi, 27 Februari

Mvua tangu alfajiri. Umeme upo.

Amejibu jana jioni, kwa sauti. Dakika moja hivi. Anasema Newala maji ni shida na kuku ni wengi. Anasema alimcheka Gervas na kwa Bibi Skolastika ilibidi atoke nje. Anasema sauti yangu ni kama alivyodhani. Hasemi atakuja. Sikutegemea aseme. Nilitegemea.

Nimeisikiliza mara moja. Maneno yote nimeyasikia.

Bi Tumaini alifika mapema, akaacha viatu vyake vya mpira mlangoni. Viliacha maji sakafuni. Niliyatazama kidogo, nikachukua tambara. Gervas alikuwa amechemsha kahawa. Maswali kumi kwenye karatasi, kwa mwandiko wangu. Mada ni mlo wa vifaranga.

Saa nne kasoro dakika moja nilivua saa mkononi, nikaiweka mezani, polepole.