Daktari Hakunisalimia, Aliniuliza

Bumbuli, Lushoto

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Pokea hata kama ni shikamoo ya mtu aliyekaa kwenye kigoda, amenyoosha mguu mmoja. Naomba barua hii ikukute umeamka salama, kifua kimepungua, na mvua za huko Kasulu zimewaachia maharage kidogo. Huku ukungu haujaondoka wiki nzima na nguo zimegoma kukauka.

Sijaandika siku nyingi. Sikukusahau, nilichoka tu. Unakumbuka lile trela la majani ya chai nililokwambia kwenye simu, lililorudi nyuma mteremkoni likanibana mguu wa kulia? Nilikwambia ni jeraha dogo. Halikuwa dogo, Mama. Mfupa umeunga, lakini goti halikunjiki na kifundo kimekakamaa. Hata kwenda chooni napanga safari kama mtu anayekwenda Tanga.

Mwezi uliopita niliitwa mjini kwa daktari wa tathmini, yule anayepima mtu ameumia kiasi gani, ili watu wa fidia wajue kama ni mlemavu wa kudumu au la. Nilivaa shati la kanisani, nikang'arisha viatu, maana ndivyo ulivyotulea. Fimbo niliiacha mlangoni. Niliona si adabu kuingia nayo kwa mkubwa.

Nikamwamkia. Akaniuliza, "Mguu unaendeleaje?"

"Unaendelea vizuri, daktari, tunamshukuru Mungu."

"Maumivu?"

"Ya kawaida tu, tutazoea."

Akanishika goti, akalisukuma. Nilikaza meno nisipige kelele. Akaandika, nikamshukuru, nikatoka.

Majibu yalikuja wiki iliyopita. Karani wa kiwanda akanisomea: anaendelea vizuri, arudi kwenye kazi yake. Kazi yangu ni kwenye trela lile lile, mteremko ule ule, magunia ya majani mabichi mgongoni. Siku moja tu ya kazi ile nitaanguka, na sijui nani ataniokota.

Nilirudi nikamweleza mama mwenye nyumba, Msambaa mwenye ulimi mkali, ndiye anayenipikia uji tangu niumie. Akaweka mwiko chini.

"We mwanangu," akasema, "daktari hakukusalimia. Alikuuliza!"

Akacheka mpaka akafuta machozi kwa khanga. Na mimi nikacheka. Baadaye nikajikasirikia sana, maana kweli nilijibu kama nimekutana na jirani njiani.

Karani amenisaidia kuandika barua ya kuomba nipimwe upya, na wamekubali. Ni Jumanne ijayo. Safari hii nitaingia na fimbo yangu, na sina budi kusema ukweli wote. Hapo ndipo ninapokwama. Kila tunapoongea unanionya nisijinenee mabaya, unasema wanamaombi wote wanafunga kwa ajili yangu. Nimejaribu kulitamka lile neno la watu wa fidia, "kudumu", nikiwa peke yangu chumbani, na kila mara sauti yako inaniziba mdomo. Naona siwezi kumwambia daktari jambo ambalo sijakwambia wewe. Kwenye simu ungenikatiza, ungeanza kuomba. Ndiyo maana nimeandika.

Nisalimie mjomba fundi baiskeli, mwambie nimechoka lakini bado nina utani wangu. Nisalimie shangazi wa Buhigwe, na shemeji aliyejifungua, nimefurahi mno kusikia ni wa kike. Wanamaombi nao wasalimie. Waambie wasiache kuomba, ila sasa waniombee ujasiri wa Jumanne.

Dada Editha, najua ni wewe unayemsomea, na najua unavyoruka mistari ukiona uso wa Mama unabadilika. Huu usiuruke. Mshike mkono kwanza, kisha msomee taratibu, kama nilivyoandika:

Mama, mguu wangu hautapona.

Ni mimi mwanao,
Zabroni