Kikapu Chekundu cha Mwahija

Kilwa Masoko,
9 Machi 1976

Mpendwa kaka Abdurahmani,

Shikamoo. Natumaini u mzima huko Bukoba, na kile kikohozi cha mvua kimekuachia kifua chako. Sisi hatujambo. Mama magoti yanamsumbua, lakini korosho za mwaka huu zimemfurahisha hata amesahau kuyalalamikia.

Telegramu ilikuambia mtoto wa kike, wote wazima. Ni kweli kabisa. Ila telegramu haina nafasi ya mambo. Kaa kitako, wala usishtuke, maana nakuandikia huku nacheka.

Katika stoo yetu ya dawa hapa hospitalini, mende hula gundi ya lebo. Lebo zikidondoka, vichupa vya sindano vinabaki uchi, vyote sura moja. Mwezi Desemba tulipoletewa dawa ya kuzimua mofini, ile anayochomwa mgonjwa aliyezidiwa na dawa ya maumivu hadi pumzi zinapotea, niliogopa sana. Nikamwomba mkeo Mwahija, fundi wa ukili, anisukie kikapu chekundu chenye mfuniko, kila kichupa na chumba chake.

Alininunia! Wifi gani huyu, akasema, anamsumbua mjamzito amjengee chupa nyumba? Akasuka hivyohivyo. Mimi nikashonea juu kitambaa chenye jina la dawa, na chini yake: "Nguvu yake huisha upesi. Mgonjwa asiachwe peke yake."

Basi Jumatano mtoto akagoma kutoka, ikabidi Mwahija apasuliwe. Mtoto akalia vizuri. Lakini mofini aliyochomwa mama yake kwa maumivu ikamlemea. Alivuta pumzi moja, halafu kimya kirefu, midomo ikabadilika rangi. Kaka, nililia bila haya. Bibi Scholastica, mkuu wetu wa wauguzi, alifungua kabati akanyakua chekundu moja kwa moja, daktari akachoma.

Mkeo akavuta pumzi kwa nguvu, akafumbua macho, akatazama sakafuni. Akasema, "Nani kautupa mfuniko wangu?"

Wodi nzima ilicheka, hata daktari.

Hatukubanduka. Na kweli, baadaye usingizi ule ulimrudia, akachomwa tena, tukakaa naye mpaka mofini ilipomwisha mwilini. Sasa daktari anataka vikapu vya rangi nyingine kwa dawa nyingine. Mwahija kamjibu kwamba ananyonyesha, na ukindu akatafute mwenyewe.

Mtoto ana masikio yako, maskini. Jina tumekuachia wewe, na akika inangoja likizo yako.

Yeye na mama yake wako kwangu hadi kidonda kipone. Kila Mwahija akilala mchana nakwenda kumwinamia nisikilize. Jana kanikamata. "Wifi," akasema, "napumua. Nenda kapike."

Mama, Bibi Scholastica na mdogo wetu Hasani wanakusalimu sana. Mwenyezi Mungu akufikishe salama kwa hawa wawili.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye siku zote,

Kidawa

Nimekwenda kupika. Kisha nimerudi kusikiliza. Anapumua, kaka.