Chonge za Bwana Asiyekufa

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, magoti yako yametulia, na shemeji bado anakoroma mpaka majirani wanalalamika. Mimi ni mzima, nimekonda kidogo tu. Najua miaka miwili ya kimya ni mingi, tena baada ya barua ile niliyokuandikia. Nitaifikia. Nakuomba uisome hii yote kabla hujaichana, maana nataka kurudi nyumbani na sina mwingine wa kumwomba.

Nilipokuacha niliondoka na mwanamume. Alikuja kwenye karakana yetu ya meno bandia jioni moja nikiwa nafunga, akataka chonge mbili mpya, kwa kuwa zake zilikuwa zimelika hadi ufizini. Nilimpa nta aiume ili nipate kipimo, nikaona alama ambazo sijawahi kuziona kwenye kinywa cha mtu. Hakunificha. Aliniambia kwamba yeye ni mnyonya damu, ana miaka mia nne na hafi, ila meno yake huisha kama ya mtu yeyote. Mwenye akili zake angekimbia. Mimi nilimuuliza anataka rangi gani.

Alikuwa na sauti nzuri, na alijua kusifu mikono ya mtu. Aliniahidi kwamba nikimpatia chonge zilizokamilika ataniuma mara moja tu shingoni, nami nitakuwa kama yeye, tupendane milele. Nikahamia kwake. Ukweli ni kwamba alinichosha. Hadithi anazo tatu, anazirudia kila wiki, na katika zote yeye ndiye mzuri kuliko wote ukumbini. Nilimtengenezea jozi sita. Zote alizimaliza kwa mbuzi wa watu, na kila mara alisema jozi hiyo haikustahili shingo yangu, tungoje ijayo. Zikishalika, alikunywa damu ya machinjioni kwa kikombe, akiivuta kwa kelele kama chai ya moto.

Halafu yakaja masharti. Nguo alinichagulia yeye. Madirisha hayakufunguliwa tena. Simu yangu alisema inamuumiza kichwa, akaifungia kabatini na ufunguo akautia mfukoni. Mwisho akaniamuru niwaache wateja wangu wote, hata bibi mmoja aliyekuwa akinywa uji miezi mitano akisubiri meno yake. Alisema mikono yangu sasa ni yake. Maneno hayo niliyapenda wiki nzima, ndipo yakaanza kunikera.

Mchana mmoja akiwa amelala niliingia stoo kutafuta plasta ya kumiminia vipimo. Nikakuta makasha ya vipimo vya kinywa chake, mamia, kila kimoja kimeandikwa tarehe na saini: mke wako. Miandiko ilikuwa mingi. Kila mmoja ulianza umenyooka na, miaka arobaini au hamsini baadaye, ukaishia unatetemeka, kisha ukaanza mwingine. Nikaelewa kwamba wote waliahidiwa nilichoahidiwa mimi, na wote walizeeka wakimchongea meno. Alipoamka nilimuuliza. Alinijibu bila haya kwamba mkono usio na damu ya moto hauwezi kazi ndogo ndogo, na fundi mzuri hapatikani kirahisi.

Kesho yake, jua likiwa kali, nilivunja vipimo vyote kwa nyundo, nikachukua vifaa vyangu nikaondoka. Nimepanga chumba nyuma ya karakana. Yule bibi nilimmalizia meno yake kwanza, na juzi alitafuna karanga mbele yangu mpaka nikalia. Huyo bwana huja kila jioni kubisha hodi, kwa upole, kama mchumba. Hawezi kuvuka mlango asipokaribishwa, ndivyo alivyo. Mimi naendelea kusugua meno ya watu, simjibu.

Sasa ile barua. Nilikuandikia kwamba sina ndugu, kwamba ulezi wako baada ya mama kufariki ulikuwa kamba shingoni mwangu, na usinitafute. Labda umejifariji kwamba nililazimishwa. Hapana, Dada. Wakati naiandika yeye alikuwa amelala. Niliiandika mwenyewe, kwa sababu nilitaka kuishi milele, nikakuona wewe ni mtu wa kufa tu. Naona aibu hata kuyarudia. Nisamehe.

Nitafika Jumamosi, saa sita mchana. Huenda akanifuata, naye atakuja kwako jua likishazama. Nakujua, wewe husema karibu kabla mtu hajamaliza hodi. Jioni jizuie, na shemeji na watoto uwaonye vilevile. Atakayebisha mchana ni mimi. Nami sitavuka mlango wako nisipokaribishwa. Nitasimama nje na mkoba wangu hata ikikuchukua siku nzima kuamua.

Nisalimie shemeji na watoto, wasioujua uso wangu uwaambie nina mwanya wa mbele kama wako. Neno lile moja sina haki ya kulidai. Lakini kama bado lipo, Dada, niwekee mimi.

Mdogo wako asiyesikia,
Kimbelembele