Wenzako wa Alhamisi

Dada yangu Zaituni,

Leo ni arobaini yako. Dua imekwisha, na jamaa na majirani wa mtaa wetu wa Buyenzi wameketi uani wakinisikiliza nikikusomea barua hii.

Niliwaambia kwamba uliuawa na malaria. Uongo ule niliuanza wewe ungali hai. Ramadhani iliyopita nilikutengea sahani yako na kijiko chako, nikisema mgonjwa ale kwa utulivu. Ulivumilia siku tatu. Ya nne ulivuta kiti hadi kwenye sinia letu, ukasema, “Mi sina ukoma, Hamisi. Sogea, we mwalimu wa watu, ao somo hili lilikupita?” Nilisogea, dada. Lakini mkono wangu haukurudi siniani.

Kisha wakaja wenzako wa kikundi cha Alhamisi, wanaoishi na virusi kama wewe: mama mmoja wa Mutakura, mwingine wa Kibenga, katika siku za vita vya kikabila, ambazo watu wa mitaa hiyo waliogopana hata sokoni. Walibeba uji na sabuni. Niliwarudisha mlangoni, nikihofia majirani watauliza ni akina nani. Ulizisikia sauti zao. Hukunilaumu, uligeukia ukuta, ukakataa chakula siku mbili.

Alhamisi iliyofuata risasi zilifunga barabara. Ijumaa asubuhi walifika kwa miguu, na sikuwa na uso wa kuwazuia. Walikufulia, wakakusuka nywele, wakacheka ulipouliza, “Huu ni uji ao maji ya kunawa?”

Dawa tulizozitafuta hatukuzipata. Hata hivyo, miezi minne waliyokuwa wakija kila Alhamisi uliishi; kabla yake ulikuwa ukingoja tu. Nilichokunyima mimi, ndugu yako wa tumbo moja, walikupa wao.

Sasa naomba niseme. Ulikufa kwa ukimwi, ile sida tunayoitaja kwa kunong’ona. Na mimi nimepima. Nina virusi. Mama nilimwambia jana. Alinishika mkono, wala hakuuachia.

Wenzako wamo humu uani. Nawaomba radhi mbele ya watu, kama nilivyopaswa kukuomba wewe.

Mola akulaze pema, dada. Nakuahidi: Alhamisi nitakwenda kuketi nao, si kama ndugu wa marehemu, bali kwa jina langu mwenyewe. Na siku nitakaposhindwa kusimama, majirani hawa sasa wanajua wawaite akina nani: wenzako hawa.

Mdogo wako,
Hamisi